Nilipiga picha 412, likizo sikuiona

Msomaji wangu, kabla hujanicheka naomba uchukue simu yako, ufungue pale zinapokaa picha, halafu uhesabu ulipiga ngapi mara ya mwisho ulipotoka na familia yako kwenda kustarehe. Umeshahesabu? Haya, sasa unaweza kunicheka.

Mimi nilipiga 412. Siku moja, bwana! Tuliingia getini saa nne asubuhi, tukatoka saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa saba, yaani dakika 420. Ukigawanya utaona kwamba kijana wako nilikuwa nafyatua karibu picha moja kila dakika inayokwenda kwa Mungu. Hata mpiga picha aliyelipwa harusini hafiki huko, maana naye kuna wakati anaweka kamera chini akale pilau.

Sasa niulize: watoto walicheza nini siku ile? Nani alimmwagia nani maji? Walikuwa wakicheka nini mpaka mmoja akapaliwa na soda? Sijui, ndugu yangu. Nilikuwepo lakini sikuwepo. Na hilo lingekuwa jambo la kuchekesha tu kama si Mama. Ngoja nianze mwanzo.

Ilikuwa Desemba 2024, shule zimefungwa. Dada yangu, ambaye ameolewa Mwanza, alishuka Dar na wanawe watatu kuja kula likizo kwa bibi yao, Mbagala. Wa kwanza ni msichana wa miaka 12, ambaye siku hizi anajiona mtu mzima. Wa pili tunamwita Bonge, ana miaka 9, na jina linajieleza lenyewe. Wa mwisho ana miaka 6. Huyu amerithi jina la marehemu baba yetu, kwa hiyo nyumbani sote tunamwita Babu, na Mama humwita "mume wangu". Akiingia tu mlangoni utasikia, "Karibu mume wangu, leo umeniletea nini?" Na kale katoto kanajibu bila haya, "Nimekuletea njaa."

Mama yangu si mtu wa matembezi. Matembezi yake ni sokoni, msibani na harusini, basi. Kwa hiyo usiku mmoja tumekaa barazani, akasema, "Nataka tuwapeleke watoto kule kwenye mabwawa, kule wanakoteleza na maji," tukadhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, akaingia ndani, akatoka na fedha, akaziweka mkekani. "Za gari na za kiingilio hizi hapa. Chakula mtajua wenyewe. Na mimi naenda."

Dada akainamisha kichwa, hakusema kitu. Hilo niliona, lakini sikulitia maanani.

Kwa wasiolijua jiji letu, pwani ya kaskazini, kuanzia Mbezi Beach mpaka Kunduchi, ndiko kwenye mahoteli ya ufukweni na sehemu za michezo ya maji. Tuliyokwenda sisi jina silitaji, asije mtu akasema nimelipwa. Ila ni ya aina ile unayoijua: mabwawa makubwa kwa madogo, mitelezo iliyopindapinda kama chatu, mziki unaopiga tangu asubuhi, na harufu ya chipsi inayokufuata kila kona. Kutoka Mbagala ni kuvuka jiji zima, kwa hiyo tulikodi Noah, tukajipanga humo kama dagaa.

Jukumu la picha nilijipa mwenyewe, hakuna aliyenituma. Nilikwenda Kariakoo nikanunua kijiti cha selfi na kile kimfuko cha plastiki cha kuvalisha simu isiingie maji. Ningejua kwamba wenzetu wa Disney kule Marekani walishapiga marufuku hivyo vijiti kwenye bustani zao tangu mwishoni mwa Juni 2015, kwa ajili ya usalama wa watu, ningeokoa fedha zangu nikanunua soda.

Na nikikwambia upigaji picha nimeurithi, usidhani najisifu. Marehemu Baba alikuwa na kamera aina ya Yashica, ikining'inia shingoni kila Idi. Filamu ikiwa ya picha 36, basi ndiyo hiyo hiyo mpaka sikukuu nyingine. Alikuwa akizihesabu kama askari anavyohesabu risasi. "Zimebaki nne," atasema, "simameni vizuri, sipotezi." Akishafyatua ya mwisho anapeleka studio mjini kusafishwa, mnasubiri wiki nzima, na zikija mbili nyeusi tupu na moja imemkata shangazi kichwa. Hapo hakuna kurudia.

Kwenye albamu yetu kuna picha ya Idi ya mwaka 1996, uwanja wa Mnazi Mmoja, penye bembea za watoto. Mimi sijazaliwa. Dada ana miaka mitano, kavaa gauni la malinda, analia kama kafiwa. Mama kamshika mkono, anacheka. Ni picha moja tu ya siku ile, lakini nyumbani hakuna asiyejua kisa chake: kiatu cha Dada kilichomoka bembea ikiwa juu, kikatua kwenye sinia la mama muuza ubuyu, na yule mama akagoma kukirudisha mpaka alipwe ubuyu wake wote. Picha moja, hadithi nusu saa. Mimi nina picha 412 na hadithi sina.

Mambo haya ya kwenda kucheza halafu lazima urudi na picha hayakuanza na simu zetu. Bustani ya Disneyland ilipofunguliwa California tarehe 17 Julai 1955, kampuni ya Kodak ilikuwa na duka lake humo humo. Baadaye ukiingia kwenye bustani za Disney ukawa unakuta vibao vya Kodak vinavyokuonyesha mahali pazuri pa kusimama upige picha. Si wajinga wale! Wao wanauza filamu, na filamu haiishi kama hujaambiwa pa kufyatulia. Walijua mzazi akishalipa kiingilio atataka ushahidi. Kodak yenyewe ilikwenda mahakamani Januari 2012 kuomba hifadhi ya wafilisika, kwani watu walishahamia kwenye kamera zisizokula filamu. Lakini somo walilotufundisha tumebaki nalo, na sasa risasi haziishi.

Basi bwana, kufika tu nikaanza kazi. "Simameni hapo! Sogea kulia! Bonge, ingiza tumbo! Cheka kidogo!" Jua la Desemba unalijua, kioo cha simu hakionekani, unapiga kwa kukisia. Vidole vikilowa simu haisikii. Kile kimfuko cha plastiki kikafanya ukungu kwa ndani, kila mtu akawa kama yuko kwenye moshi. Ikabidi nikivue, na kila baada ya dakika kumi nakimbilia kivulini kuipoza simu maana ilishapata moto kama pasi.

Yule msichana naye akanizidishia kazi. Kila picha lazima aikague. "Hapana Anko, futa hiyo, nimetoka vibaya." Tunapiga tena. "Hii mkono umekaa vibaya." Tena. Kwa hiyo kila mchezo mmoja ulikuwa na picha tano, na kila picha tano watoto wanatolewa majini, wanapangwa, wanasubiri, wanarudi. Bonge alikuwa amesimama kwenye foleni ya mtelezo mkubwa karibu robo saa, zamu yake inakaribia, nikamwita ashuke kwa sababu mwanga upande ule ulikuwa mzuri. Akashuka. Mtoto mtiifu yule. Akapoteza zamu yake.

Mama tulimtafutia kiti cha plastiki chini ya mwavuli, kando ya bwawa la watoto. Tukamrundikia mifuko yote, viatu vyote, taulo, kanga, hotipoti, na miwani ya kila mtu. Mama akawa ghala. Na wewe msomaji angalia kwenye familia yako, kila safari kuna mtu mmoja ambaye ni ghala, na mara nyingi ni mama.

Nilipopita mara ya kwanza nikakuta amehamisha kiti. Nikasema moyoni, jua hilo. Mara ya pili kakihamisha tena. Mara ya tatu kakisogeza mpaka karibu na ukingo wa bwawa, anageuza kichwa huku na huku kama kuku aliyesikia mwewe.

"Mama, vipi, jua linakusumbua?"

"Si jua," akasema. "Wewe unanikinga."

"Nakukinga na nini tena Mama?"

Akanyamaza. Na mimi nikaondoka, maana Bonge alikuwa karibu kuteleza.

Sasa tuje kwa Babu. Yule mtoto asubuhi nzima alikuwa anauogopa mtelezo wa kati, ule unaoruhusiwa kwa watoto wa kimo chake. Anapanda ngazi, anafika juu, anachungulia, anashuka kwa ngazi zile zile. Hakuna aliyemlazimisha. Kama saa nane hivi, sijui moyo aliupata wapi, akapanda, akakaa, akafumba macho, akajiachia. Chubwi! Akaibuka anacheka, kamasi zinamtoka, anapiga kelele, "Bibi, umeniona? Bibi, umeniona?" Dada anapiga vigelegele. Watu tusiowajua wanampigia makofi.

Na mimi? Mimi nilikuwa nafuta kioo cha simu kwa shati.

"Sikukupata!" nikasema. "Babu, rudia!"

"Anko, naogopa."

"Mara moja tu. Ya picha."

Dada akasema mwache mtoto. Nikasema ni dakika moja tu. Nikamshika mkono mwenyewe, nikampandisha ngazi, nikamkalisha pale juu, nikashuka mbio nikajipanga na simu. Yule mtoto alishuka analia. Kwa kuwa alikuwa anajaribu kujishika pembeni, akageuka ubavu, akaingia majini kichwa kimepinda, akanywa maji. Maji yenyewe yalikuwa ya kiunoni kwangu, na kijana mlinzi wa bwawa alipuliza filimbi na kuruka humo humo, akamnyanyua kabla sijatia hata mguu. Lakini kile kilio alichotoa nakisikia mpaka leo.

Mama akasikia pia. Akainuka. "Mume wangu! Mume wangu!" Akawa anakwenda moja kwa moja kunakotoka sauti, haangalii chini wala kando. Kushoto kwake kulikuwa na kiti kingine cha plastiki, cheupe, mchana kweupe, mtu yeyote angekiona. Mama akakipiga teke, akapepesuka, akaanguka kwa magoti ukingoni mwa bwawa, mkono mmoja ndani ya maji. Mama mmoja tusiyemjua ndiye aliyemdaka kanga asiingie mzima mzima.

Na ninayo hiyo picha. Ndiyo, nakwambia ukweli wote leo. Kidole changu kilikuwa bado kinafyatua. Kwenye simu yangu ipo picha ya Mama kapiga magoti, kiti kimepinduka, na nyuma yake mtoto anabebwa na mlinzi. Ndiyo picha iliyotoka vizuri kuliko zote siku ile, haina hata ukungu.

Nilipofika pale Dada alikuwa ananiangalia kwa jicho ambalo hajawahi kuniangalia nalo. "Hakukiona kile kiti," akasema. "Hivi wewe hujui kama Mama haoni pembeni?"

Sikujua. Novemba, Mama alikwenda kliniki ya macho peke yake. Akapimwa, akaambiwa ana presha ya macho. Ugonjwa huu, kwa jinsi nilivyokuja kuelezwa, presha inapanda ndani ya jicho na kuharibu mshipa unaopeleka taarifa kwenye ubongo. Mara nyingi hauumi. Huanza kula kuona kwa pembeni, taratibu, wala mwenyewe hajui, anadhani ni uzee au kwamba watu siku hizi wanaweka ndoo ovyo njiani. Na kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone ya dawa yanalinda kilichobaki.

Alimwambia Dada kwa simu, akamkataza asiniambie mimi. Unajua kwa nini? "Kwa sababu ungeyaandika gazetini," akasema Dada. Nikakosa jibu.

Tukamkalisha Mama, tukamfuta magoti. Babu kajikunja mapajani kwake, bado anakwikwika. Mama hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema polepole, kama mtu anayenielekeza njia.

"Mimi naona katikati tu, baba, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Nikimpata mume wangu pale katikati, wewe unapita na simu yako. Nikimtafuta nikimpata, unamwita atoke. Tangu asubuhi naona mgongo wako. Mgongo wako naujua, nimeubeba."

"Nisamehe Mama. Nilitaka tuwe na kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nani? Hizo picha mimi utanionyesha lini? Nikiwa sioni? Fedha zangu nimelipa nije niwaone hawa kwa macho yangu. Toka mbele, niwaone."

Jamani, nilitahayari. Nikaichukua ile simu nikaisokomeza kwenye mfuko wa maandazi, chini kabisa, na kijiti chake juu yake.

Ilikuwa kama saa tisa. Tulikuwa tumebakiwa na saa mbili hivi. Nikavuta kiti nikakaa kushoto kwa Mama, upande ule anaokosa zaidi, nikawa namwambia. "Bonge yuko juu, bado watu wawili mbele yake. Sasa amekaa. Angalia pale mdomo wa mtelezo, anakuja." Mama anaelekeza uso pale, anatulia, na Bonge anatokea katikati ya macho yake kama aliyetumwa.

Niulize sasa kilichotokea katika saa hizo mbili. Bonge alikwama katikati ya mtelezo, uzito ulimzidi maji, ikabidi ajisukume kwa makalio huku watoto wa nyuma wanaimba "Bonge toka! Bonge toka!" na yeye mwenyewe anaitikia. Yule msichana mtu mzima alisahau utu uzima wake, akakaa chini ya bwawa anapuliza mapovu, kisha akaibuka nywele alizosukwa kwa siku nzima zimefumuka, na hakuuliza ametokaje. Dada, mama wa watoto watatu, aliteleza na kanga yake, kanga ikafika chini kabla yake. Mama alicheka mpaka akashika ubavu.

Na Babu? Alikaa mapajani kwa bibi yake muda mrefu, kamlowesha wote. Halafu akasema mwenyewe, bila kuulizwa na mtu, "Bibi, nikienda tena utaniona?" Mama akasema, "Nitakuona. Nenda polepole, nisikupoteze." Akapanda ngazi moja moja, kila ngazi anageuka kupunga mkono. Mama kamshika katikati ya macho hapotezi. Alipofika chini Mama alikuwa ameshasimama. Hiyo picha sina.

Baadaye, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujua, nikakuta kwamba kuna mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, aliyechapisha utafiti juu ya jambo hili mwaka 2014. Alipeleka watu makumbusho, akawaambia vitu vingine wavitazame tu na vingine wavipige picha. Kesho yake wakaulizwa. Vile walivyovipiga picha vizima vizima ndivyo walivyovikumbuka kidogo kuliko vile walivyovitazama. Ila walipoisogeza kamera karibu na kunasa sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu haikupungua hivyo. Kwa Kiswahili cha Mbagala ni kwamba jicho likishakabidhi kazi kwa kamera, lenyewe linakwenda kulala. Lakini kama unapiga moja, kwa kutulia, kwa kuangalia hasa unapiga nini, jicho linabaki kazini. Marehemu Baba na filamu yake ya 36 alilijua hilo bila kufika Fairfield.

Januari nilimsindikiza Mama kliniki. Daktari akatuondoa hofu moja: hakuna aliyemwambia Mama kwamba atakuwa kipofu mwakani, hayo alijiongezea mwenyewe usiku asipopata usingizi. Akitia matone yake kila siku bila kukosa, na akahudhuria kliniki, anaweza kubaki na hayo macho aliyonayo kwa miaka mingi. Wengi wanaopoteza ni wale wanaoacha dawa kwa kuwa hawasikii maumivu. Kwa hiyo simu yangu sasa imepata kazi ya maana: saa tatu kila usiku inalia, nami nampigia Mama kumkumbusha matone. Yeye huniambia, "Nimeshatia, acha kunifuatilia kama mwenye nyumba."

Na mimi nilipimwa siku hiyo hiyo, maana ugonjwa huu hutembea katika ukoo. Ukiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja anaye, hatari kwako ni kubwa zaidi, na sisi Waafrika tunasumbuliwa nao zaidi kuliko watu wengi. Niko salama, ila nimeambiwa nirudi kila mwaka. Dada naye kapimwa huko huko Mwanza.

Kabla ya kuandika haya nilimwomba Mama ruhusa. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika. Ila uwaambie wakapime." Nimewaambia.

Sasa na mimi niwape yangu machache, kwa mtu anayepanga kutoka na familia likizo ijayo.

Kwanza, piga picha zako mkifika tu, kabla watu hawajalowa na kabla hawajachoka. Kumi zinatosha. Halafu simu iingie kwenye mfuko.

Pili, hakikisha yule mtu wenu wa ghala, anayelinda mifuko, yumo kwenye hizo kumi. Mnyang'anye mifuko kwanza. Mimi katika zile 412, Mama yumo kwenye mbili: ile ya magoti, na nyingine ambayo kinaonekana kiwiko chake na hotipoti.

Tatu, mtoto akifanya jambo la ushujaa hukulinasa, usimrudishe. Ushujaa wa mtoto haurudiwi kwa ajili ya stetasi ya WhatsApp. Mwulize mwenyewe akusimulie, utapata zaidi.

Nne, muulize aliyelipia safari anataka kuona nini. Mimi sikuuliza.

Zile picha nimeshazipunguza. Nimefuta karibu zote, nimebakiza thelathini na kitu, idadi ya filamu moja ya Baba. Ile ya Mama kapiga magoti sijaifuta. Siiangalii, lakini sijaifuta. Ipo na ya 413, ambayo sikupiga mimi. Tunatoka getini jioni, Dada akaichomoa simu kwenye mfuko wa maandazi, akasema, "Na nyie wawili simameni hapo." Nimebeba mifuko yote, Mama kanishika mkono. Hatazami kamera, anatazama kando kidogo, kwa sababu hakuipata mahali ilipo. Juu ya kioo kuna doa la mafuta ya andazi. Ndiyo niliyoipeleka studio ikachapwa, Mama kaiweka kwenye albamu mwenyewe, ukurasa mmoja na ile ya Mnazi Mmoja.

Watoto wakija tena, Mama ameshasema turudi kule kule. Upatu wake unazunguka, zamu itafika. Picha atapiga Bonge, kwa dakika kumi, kisha simu inarudi kwenye maandazi. Mimi kazi yangu ni kukaa kushoto.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Nina kisa cha mwenye nyumba wangu na jogoo wake, msikose!